Kununua hisa Nairobi na Dar ukiwa Mombasa

Soko la hisa la Nairobi lilianza 1954. La Dar es Salaam lilianza biashara 1998, na wageni kwa jumla walikuja kuwekewa ukomo wa asilimia 60 ya hisa za kampuni, uliofutwa 2014. Leo mtu wa Mombasa hununua kote kuwili, ila kila soko lina akaunti yake ya CDS (ya kielektroniki, ya kuhifadhia hisa zako) na dalali wake. Wengi hukwama hapo: kitambulisho kimeandikwa "Mwanaisha", benki "Mwana Aisha", fomu inarudi. Linganisha herufi kwa herufi. Nairobi sharti la kununua angalau hisa 100 liliondolewa 2025, nafuu kubwa kwa wenye kipato kidogo. Ukiuza, malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi; usiyategemee kwa karo ya kesho.