Kipupwe cha Dar: kwanza chungu, halafu safari

Usiku wa Julai Dar es Salaam unashuka hadi nyuzi joto 18 au 19, na mchana hauzidi sana 28. Kwa mtu wa Makete, kwenye milima ya Njombe, hiyo si baridi ya kuzungumzia. Ila mwili uliopita Machi ya jiji hili, feni ikizunguka usiku kucha, unaisikia vizuri, ndiyo maana masweta yanatoka kabatini Kinondoni na Temeke. Masika yamekata, upepo wa kusi umeshika, njia zimekauka. Kuanzia Juni hadi Agosti mtu anaweza kutembea mjini saa 6 mchana bila shati kulowa, na kwangu ni hasara kubwa kuimalizia miezi hii sebuleni.

Kinachowarudisha wengi nyuma ni jioni yake. Watoto wana njaa, wote mmechoka, upepo unapenya dirishani, na jiko bado la baridi. Hapo ndipo siku nzuri inaishia kwenye chipsi za njiani. Kwa hiyo matembezi ya kipupwe nayaanzia jikoni usiku wa kuamkia safari, na chakula kinachoyafaa kuliko vyote ni makande.

Kwa watu sita, vikombe 2 vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe 1 na nusu cha maharage vinatosha. Chagua, osha, loweka saa 2 usiku kwa maji mengi, maana vitakunywa na kuvimba karibu mara mbili. Asubuhi mwaga maji yale, tia kwenye sufuria ya lita 4 yenye mfuniko unaobana, ongeza maji mapya yapite juu ya nafaka kwa vidole viwili. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili. Hizo dakika 10 usizipunguze: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli, na moto hafifu hauiondoi. Kisha funika, punguza moto, yaendelee nusu saa nyingine.

Sasa zima jiko. Kuacha mkaa au gesi ikiwaka nyumba ikiwa tupu ni hatari isiyo na sababu, kwa kuwa chungu kinaweza kumalizia kuiva kwa joto lake chenyewe. Tafuta kapu kubwa, tandika mto wa sufi chini, zungushia blanketi, chomeka sufuria ikiwa bado inatokota, juu yake weka mto mwingine, halafu funga yote kwa khanga. Kila upande uwe na unene wa kiganja cha mkono, na chini pia; wengi husahau chini, na sakafu ya saruji hunyonya joto haraka. Sufuria iwe imejaa robo tatu. Ikiwa nusu tupu, hewa iliyomo haina joto la kutosha kuendeleza mapishi, na utakuta mahindi yamelainika nje huku kiini kikigoma. Mfuniko usiguswe hata mara moja. Ukiliacha kapu kwa ndugu aliyebaki nyumbani, mwambie hivyo mapema.

Mahindi yasiyokobolewa hayafai kwa kapu mpaka yachemshwe saa moja na nusu kwanza. Maharage yaliyokaa dukani muda mrefu nayo yana ukaidi wake: ganda hukataa kulainika hata yalowekwe vipi. Kuna wanaotia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaacha ladha ya sabuni na kupunguza vitamini, basi afadhali ubadilishe muuzaji. Nyanya na ndimu zisiingie sasa, kwa sababu uchachu hukaza ganda la maharage.

Ukilifunga kapu saa 1 asubuhi, una saa tano au sita za kutembea. Muda huo unaafikiana na bahari ya kipupwe, kwa sababu upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, na alasiri mawimbi huwa makubwa. Anayekwenda Mbudya kupitia Kunduchi, au Bongoyo kupitia Slipway ya Msasani, apande boti ya mapema na apange kurudi kabla ya saa 7 mchana. Visiwa vyote viwili vimo ndani ya hifadhi ya bahari, hivyo kuna ada ya hifadhi mbali na nauli ya boti. Uliza jumla yake kabla hujapanda. Ufuo wa upande wa bara ndio uliokingwa. Jaketi la kujiokolea livaliwe na kufungwa, lisikaliwe kama mto. Simu na nguo kavu ziingie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, maana wakati wa kurudi maji huruka hadi ndani ya boti, na nguo mbichi kwenye upepo wa kusi zinamtetemesha mtoto.

Asiyetaka boti atazame mwezi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, na pwani ya Dar maji hupwa mbali sana yapata saa 4 asubuhi. Hapo Kunduchi na Coco Beach hugeuka uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi, na watoto wanaona kaa na kiti cha pweza bila kulipa chochote. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Vaeni viatu, kwa kuwa vidimbwini kuna viumbe wenye miiba, na geukeni mara maji yanapoanza kupanda nyuma yenu. Wanaokwenda Coco kutazama machweo wajue ufuo ule unatazama mashariki. Uzuri wake ni macheo, mnamo saa 12 na nusu asubuhi, na kwa mihogo ya kukaanga itabidi warudi jioni.

Chai ya tangawizi ndiyo ya kubeba. Ponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba kwa lita 1 ya maji, ichemke dakika 10, ndipo utie majani na sukari. Chupa ya chai isuuzwe kwa maji ya moto sana kabla ya kujazwa, vinginevyo kioo baridi kinakula joto la chai. Kwa safari ndefu acha maziwa. Ukiyataka nyumbani, yaingie baada ya tangawizi kuchemka vizuri, kwani tangawizi mbichi hukata maziwa.

Pugu ni habari ya jioni. Daladala za Kisarawe zinapatikana Gongo la Mboto, na mapango yaliyochimbwa zamani kutafuta udongo mweupe wa kaolini yana popo wengi sana wanaotoka kwa wingi giza linapoingia. Jua linazama kama saa 12:20, na baada yake mwanga haudumu hata nusu saa, basi fikeni saa 11 na mwenyeji anayeijua njia, kila mtu na tochi yake. Tazameni kutoka mdomoni mwa pango. Ndani kuna vumbi la kinyesi cha popo lisilofaa kuvutwa puani, na paa la mashimo ya zamani si la kuaminiwa.

Siku ya Pugu makande hayafai, saa ni nyingi mno. Hapo napendekeza mtori. Nyama ya mifupa nusu kilo ichemshwe jana yake, supu yake ilale kwenye friji. Mkirudi, pasha supu huku mkimenya ndizi mbichi 10 kwa mikono iliyopakwa mafuta, utomvu usigande, na kuzitumbukiza majini zisiwe nyeusi. Dakika 30 ndani ya supu, kisha ponda kwa mwiko. Mashine ya kusagia huufanya uvutike kama gundi. Uache mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka, utajikaza wenyewe bakulini.

Kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, nendeni siku ya kazi, asubuhi. Tarehe 7 Julai yenyewe ni msongamano.

Tumerudi kwenye kapu. Ukifunua, sufuria inapaswa kukuunguza vidole. Ikiwa vuguvugu tu, chakula hicho kimwagwe, hata kama inauma: vijidudu vingine huacha sumu ambayo kuchemsha upya hakuiondoi. Ikiwa ya moto, irudishe jikoni ichemke dakika 10, tia chumvi. Kaanga kitunguu, karoti, hoho na nyanya 2 mpaka mafuta yajitenge, mimina humo. Nazi moja nayo ikunwe sasa, kwani tui lililokamuliwa asubuhi huchacha. Tui jepesi litangulie, litokote dakika 15. Tui zito liwe la mwisho, moto mdogo, koroga upande mmoja bila kuacha mpaka lionyeshe povu la kwanza, kisha epua. Likichemka kwa fujo linakatika, mafuta yanaelea na makande yanabaki na chengachenga.

Yatakayobaki yasambazwe kwenye sahani pana yapoe haraka, yaingie friji ndani ya saa mbili. Asubuhi yapashwe na kijiko cha maji na pilipili mbichi.