Gogo

Kwetu Pemba hakuna aliyemjua kwa jina jingine. Bibi yangu, mama yake mama, akihadithia habari za bibi yake aliyemlea, alimwita Gogo, na sisi wajukuu tukamwita Gogo vivyo hivyo ingawa alikuwa ameshafariki zamani, katikati ya miaka ya 1950. Tuliambiwa kapewa jina hilo kwa kuwa hatikisiki. Afe mume, zianguke bei za karafuu, yeye yuleyule, kama gogo la mwembe. Mjomba mmoja alikuwa na yake: ati alikuwa Mgogo wa Dodoma. Bibi humkatiza pale pale.

"Sisi Washirazi. Acha maneno."

Mwaka 2009 nilikuwa na shughuli ya wiki mbili Unguja, na mchana nilikuwa sina la kufanya. Nikaanza kwenda Nyaraka, kule Kilimani. Nilikwenda na mambo matatu tu: jina lake la kweli, jina la shamba huko Mtambile, na jina la mwenye shamba. La mwenye shamba silitaji, wajukuu zake ni majirani zetu na tunapeana mkono kila Ijumaa. La Gogo nalo sitaliandika, ila ni la kiungo cha biriani, na hilo peke yake lingenitosha kama ningekuwa na akili. Majina ya viungo, ya maua na ya bahati njema ndiyo waliyokuwa wakipachikwa wajakazi.

Nadhani nilijua. Nilijua na nikaanza kwa kupekua mafaili ya mashamba, siku tatu nzima, nikitafuta hati ya mikarafuu ambayo moyoni niliamini haipo. Siku ya nne ndipo nikaomba madaftari ya walioachwa huru.

Shuleni tulifundishwa kwamba Sultani Hamoud bin Mohammed alifuta utumwa mwezi wa Aprili 1897, kama mtu anayezima taa. Haikuwa hivyo. Amri ile ilimtaka kila mtumwa aende mwenyewe mbele ya mahakama ya wilaya, aombe, na aoneshe ataishi wapi na atakula nini, asije akahesabiwa mzururaji. Fidia akilipwa bwana. Masuria hawakuwamo kabisa hadi 1909. Kwa hiyo kila mstari wa madaftari yale ni mtu aliyetoka shambani kwa miguu, akasimama mbele ya karani na kulizwa maswali.

Wenye jina lile la kweli la Gogo niliwapata wanne. Karani Mwingereza alilisikia kila mara kivyake, mara kwa S, mara kwa Z, mara silabi nzima imemponyoka. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai na wadudu walikuwa wametoboa karatasi kutoka jalada hadi jalada, tundu lile lile ukurasa baada ya ukurasa, hata nikawa nalitafuta kwa kidole kabla ya kusoma. Wa tatu aliandikwa Chake Chake, 1899. Bwana ni yule. Shamba ni lile. Mwanamke, umri miaka 20 hivi. Kabila: Mnyasa.

Hakuandikwa mzalia, yaani hakuzaliwa Pemba. Nikapiga hesabu pembeni mwa karatasi kwa penseli. Kama alikuwa na miaka 20, basi alizaliwa kiasi cha 1879, na soko la watumwa la Unguja Sultani Barghash alilifunga 1873. Aliletwa kwa magendo basi, mtoto, kwa jahazi lililoingia usiku katika moja ya hori zetu ambazo mimi nilijifunzia kuogelea.

Neno Mnyasa, yaani mtu wa upande wa Ziwa Nyasa, Malawi ya leo, nililitazama muda mrefu kabla halijanipiga. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi Kyela, karibu na mpaka wa Kasumulu, na kila siku nilikuwa na madereva wa Malawi. Wakimpita kizee anauza ndizi humwita agogo. Wakifupisha, gogo. Maana yake bibi. Nimelisikia neno hilo mwaka mzima, na siku hata moja sikufikiria nyumbani.

Nilivuka kwenda Pemba Jumamosi. Ulikuwa msimu, bibi amekaa barazani mbele ya rundo la karafuu mbichi, anachambua, vikonyo huku, karafuu huku, vidole vyeusi kwa utomvu. Nikamwamkia, nikakaa, nikachambua naye kidogo kabla ya kusema. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Naujua mzigo wa neno lile "Washirazi", watu wanaojihesabu kuwa asili yao ni Shirazi, Uajemi. Kati ya hesabu ya watu ya 1924 na ile ya 1931 Waswahili wa visiwani karibu waishe kwenye vitabu vya serikali na Washirazi wakajaa, na hakuna maradhi yaliyopita. Watu walibadilisha jibu tu, na nani wa kuwalaumu.

Hakukasirika. "Najua," alisema. "Nilikuwa nikijua toka kigori." Halafu akauliza: "Na mama yake wamemwandika?"

Nikamwambia safu zilikuwa za kabila, umri, bwana na shamba. Ya mama haikuwemo.

"Baba?"

"Wala baba, bibi."

Ndipo nikamweleza neno gogo. Mikono ilisimama. Alilirudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. "Kwa hiyo alikuwa akitufundisha tumwite bibi," akasema. "Na sisi tukacheka, tukamwambia wewe gogo kweli."

Tukakaa. Kuku wakapita juu ya jamvi, hakuwafukuza.

"Na mama, watu wa huko humwitaje?"

"Mayi," nikamwambia. "Kwa heshima, amayi."

Aliniangalia mpaka nikadhani hakunisikia, nikalirudia.

"Alipokuwa hajiwezi," bibi akasema, "siku zile za mwisho, alikuwa akilitaja hilo usiku kucha. Mayi, mayi. Tukasema mgonjwa anataka mayai. Nikatumwa mimi kwa jirani nikanunua manne, mama akayachemsha, akamenya, akamwekea karibu na mto." Akachukua kishada kingine cha karafuu. "Hakuyagusa."