Umeme mdogo, LUKU na jiko la mama wa chai

"Fundi, umeme ukiwa mdogo jioni, LUKU si ndiyo inakula zaidi?"

Hapa Muheza, Tanga, swali hili la LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, naulizwa kila kona, na anayeuliza huwa keshajijibu. Safari hii ni mama mmoja anayeuza chai na maandazi, nyumba yake iko nguzo ya mwisho kabisa ya laini. Kubishana naye sikutaka. Nikamwambia, mama, tulipime jiko lako sasa hivi mchana, halafu nirudi baada ya magharibi tulipime tena.

Jiko lenyewe ni la koili, kibandiko kinasema volti 230, wati 1500. Mkondo naupima kwa klampu mita, ile yenye taya za kubana waya, na hapo vijana wengi wanaojifunza kazi huchanganyikiwa: ukibana waya mzima wa jiko mita inasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Ubane waya mmoja peke yake. Mimi natembea na ekstensheni fupi niliyoichuna ganda la nje tu, nyaya za ndani zimeachana na kila moja ina ganda lake salama.

Mchana tulipata volti 228 na ampia 6.5. Zidisha: wati 1,482. Gawanya volti kwa ampia: ukinzani wa koili ni omu 35 na chembe. Usiku, saa moja na nusu, volti 178, ampia 5.1. Ukigawanya unapata omu 34.9, kwa hiyo koili ni ileile, haina ugonjwa wowote. Ila wati zimeanguka hadi 908. Volti zimepungua kwa asilimia 22 hivi, wati kwa asilimia 39, maana volti zinaposhuka zinashuka na ampia zake, na wati ni zao la hivyo viwili.

Kwa hiyo usiku LUKU inakula polepole. Mama hakukubali: "Sasa mbona uniti zinaisha?"

Kwa sababu maji hayapunguzi madai yake. Lita 3 kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka zinataka joto la uniti 0.26 hivi (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima), iwe mchana iwe usiku. Kwa wati 1,482, tukiacha joto linalopotea, ni dakika kama 10 na nusu. Kwa wati 908 ni dakika 17. Katika zile dakika za nyongeza sufuria inaendelea kupoteza joto hewani, nalo linalipiwa. Uniti zinaongezeka kweli, lakini ni kidogo sana kuliko mama alivyodhani. Nikamshauri afunike sufuria, ambayo muda wote huo ilikuwa wazi.

Na zile volti zilizopotea? Nyaya za mtaani nazo zina ukinzani. Chukua mfano: mtaa unavuta ampia 80, na njia yote kutoka transfoma kwenda na kurudi ina omu 0.6. Zidisha, volti 48 zimebaki njiani. Zidisha tena kwa ampia 80: wati 3,840 zinapasha moto nyaya na hewa ya Muheza. Aliye karibu na transfoma hata hajui kuna shida.

Umeme usiotulia ulimsumbua hata Georg Ohm, yule Mjerumani ambaye jina lake ndilo tunalopimia ukinzani. Betri za enzi zake zilikuwa zinayumba, vipimo havikai, mpaka alipoziacha akatumia umeme unaotoka kwenye maungio ya bismuthi na shaba, upande mmoja wa moto, mwingine wa baridi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827.

Pima kitu kikiwa kinafanya kazi. Balbu ya kizamani ya wati 100 ukiipima ikiwa baridi, multimita inaonyesha omu kama 40. Gawanya 230 kwa 40, utapata zaidi ya ampia 5, yaani wati zaidi ya 1,300! Ikiwaka, uzi wake wa tungsteni unapata joto kali na ukinzani unapanda hadi omu 529, ndipo zile wati 100 zinapotimia.

Friji lina hesabu yake. Likivuta ampia 0.9 kwa volti 230, kuzidisha kunakupa 207, lakini wati halisi zinaweza kuwa 130 tu, kwa sababu kwenye mota mkondo hauendi sambamba na volti. LUKU inahesabu wati halisi. Halafu umeme ukishuka, mota haipoi kama koili inavyopoa. Kompresa ikishindwa kuanza inanguruma pale pale huku ikivuta ampia nyingi, na joto kwenye nyaya zake linapanda kwa mraba wa ampia: zikiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Ndiyo maana nasisitiza friji gadi, ile inayokata umeme ukiwa mdogo. Mama anayo. Niliikuta juu ya kabati, mwanawe kaichomoa ili apate soketi ya kuchajia simu.