Siku tisa za kuirudisha akaunti niliyoifuta mwenyewe

Nilikusudia kufuta akaunti moja, nikafuta nyingine. Ile niliyoikusudia ilikuwa ya zamani, ya siku zangu za mwanzo za kutumia barua pepe, na kwa miaka mingi haikupokea kitu ila matangazo. Ile niliyoifuta ndiyo iliyokuwa na kila kitu: barua za miaka 11, picha, na folda moja ambayo haikuwa yangu peke yangu. Ndani ya folda hiyo sisi watu sita tulikuwa tunaandika kamusi ndogo ya istilahi za ukunga. Tulikuwa tumeifanyia kazi miaka minne, usiku usiku, kila mtu akishamaliza shughuli zake, na vidahizo, yaani maneno tuliyoyaorodhesha na kuyaeleza, vilikuwa vimepita 2,300.

Kufuta kwenyewe kulichukua kama dakika moja. Akaunti zote mbili zilikuwa wazi kwenye kivinjari kimoja. Nilikuwa ndani ya ile ya zamani nilipobonyeza mipangilio, lakini ukurasa wa mipangilio ulifunguka kwenye kichupo kipya na ukarudi kwenye akaunti iliyotangulia kufunguliwa, yaani ile kuu. Alama pekee ya kunitambulisha nilipo ilikuwa picha ndogo ya duara kwenye kona ya juu. Sikuitazama. Nikaombwa nywila, kivinjari kikaijaza chenyewe. Nikaonyeshwa maelezo marefu ya vitu vitakavyopotea, maneno yale yale ambayo angeonyeshwa mtu mwingine yeyote. Nikatia vema kwenye visanduku viwili. Kisha likaja lile swali: una uhakika?

Nilikuwa na uhakika kabisa. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu siku ile, na naamini halikuweza kunisaidia hata lingerudiwa mara kumi. Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyokosea mbele ya mashine, alitenganisha kukosea na kuteleza. Anayekosea ana mpango usiofaa tangu mwanzo. Anayeteleza mpango wake ni mzuri, ila mkono umetua pasipo pake. Ukimuuliza aliyeteleza kama ana uhakika, atakujibu kuhusu kile kilicho kichwani mwake, wakati kinachofutwa ni kile kilicho kwenye skrini. Kingeniokoa kitu cha kunitoa kichwani na kunirudisha kwenye skrini. GitHub, mahali ambapo waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, humtaka anayefuta mradi aandike jina kamili la mradi huo kwa mkono wake kabla kitufe hakijakubali kubonyezwa. Ningetakiwa kuandika anwani ya akaunti niliyokuwa naifuta, herufi kwa herufi, vidole vyangu vingesimama kwenye herufi ya kwanza.

Sikujua nimefanya nini mpaka simu ilipoanza kunidai niingie upya, na baada ya muda mfupi ikaita. Alikuwa mkunga mstaafu, mkubwa wetu katika kundi. Nilimwamkia, akaitika, kisha akasema kwa sauti ya wasiwasi: "Mwanangu, folda yetu siioni. Nimebonyeza wapi vibaya?"

Alidhani kosa ni lake. Nilimwambia, "Hapana mama, hukukosea. Ni mimi." Kisha nikashindwa kuendelea.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka minne lilikuwa mbele ya macho yangu. Kwenye majukwaa mengi ya kuhifadhi faili, faili ni mali ya akaunti iliyolianzisha. Wenzangu watano, na wawili kati yao waliandika mengi kuliko mimi, walikuwa wageni tu ndani ya nyumba yangu. Nyumba ilipovunjwa hawakuulizwa. Katika maelezo yote marefu niliyoonyeshwa kabla ya kubonyeza hapakuwa na sentensi moja iliyosema: kuna watu wengine watano wanaotegemea folda hii. Mfumo ulijua majina yao, ulijua kwamba mmoja wao alikuwa ameandika ndani yake asubuhi ile ile. Haukusema. Kati ya kasoro zote nilizokutana nazo, hii ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwa sababu kumwambia mtu ni nani wengine watakaoumia si kazi ngumu kwa mashine inayojua tayari.

Siku ya kwanza niliiharibu kwa pupa. Nilifungua ukurasa wa kurudisha akaunti, nikaombwa namba ya uthibitisho, na namba hiyo ikatumwa kwenye laini ya simu niliyokwisha kuacha kuitumia. Zile namba za akiba wanazokupa siku unapowasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya simu, sikuwahi kuzinakili popote. Nikajaribu njia nyingine, nikakisia nywila za zamani, nikahamia kwenye simu ya jirani, nikajaribu tena. Mfumo ukanifungia. Kwa macho ya mashine nilikuwa na sura ya mwizi: kifaa kigeni, majibu ya kubahatisha, haraka nyingi. Kama yatakukuta, simama hapo hapo. Majaribio mengi yanakupunguzia imani, na kufungiwa kunakula siku ambazo unazihitaji.

Usiku ule nilifungua ile akaunti ya zamani, ile ile niliyotaka kuifuta. Miaka mingi nyuma nilikuwa nimeiandikisha kuwa anwani ya dharura ya akaunti kuu, nikasahau. Katikati ya matangazo palikuwa na taarifa ya mistari michache: akaunti yako imepangwa kufutwa, na una siku 30 za kubadili nia. Nililia. Sikuwa nimefuta; nilikuwa nimeomba kufuta, na ombi langu lilikuwa bado linasubiri. Kama ningefanikiwa kufuta ile niliyoikusudia, na kisha siku nyingine nikateleza na hii, taarifa hiyo ingetumwa mahali ambapo hapapo tena.

Kiungo cha kurudisha bado kilitaka nijithibitishe, kwa hiyo safari hii nilijipanga. Nilisubiri kifungo kiishe bila kugusa chochote. Nilitoa kompyuta yangu ya zamani ambayo ilikuwa imetumia akaunti ile kwa miaka, nikaketi nyumbani kwenye mtandao ule ule niliozoea kuutumia, kwa sababu mifumo hii hupima kama kifaa na mahali vinafahamika. Majibu niliyaandika kwanza kwenye karatasi. Swali lililonitia hofu lilikuwa mwezi na mwaka wa kufungua akaunti. Nani anakumbuka? Lakini watu wengi wanapofungua anwani mpya hujitumia ujumbe wa kujaribu, na mimi nilikuwa nimefanya hivyo. Nilitafuta kwenye kikasha cha akaunti ya zamani nikaukuta, maneno mawili tu, "najaribu hapa", na tarehe yake juu. Nywila ya mwisho niliyoibadilisha niliipata kwenye daftari. Nikajaza mara moja, polepole, nikatuma.

Jibu lilisema ombi litapitiwa. Likapita juma zima kasoro siku moja.

Katika siku hizo nilitafuta mtu wa kuongea naye, na hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ukurasa wa msaada uliokurudisha kwenye ukurasa wa kurudisha akaunti, na ukurasa wa kurudisha akaunti uliokurudisha kwenye msaada. Nasema haya bila chuki. Naelewa kwamba kampuni inayohudumia umati mkubwa wa watu haiwezi kumpokea kila mmoja kwa simu, na kwamba ukali huo huo ulionizuia mimi humzuia pia mwizi. Lakini ni jambo zito kwamba kazi ya watu sita ya miaka minne inaweza kusimama kwenye ncha ya uamuzi ambao hakuna binadamu unayeweza kumweleza.

Wakati huo huo mengine yalianza kuporomoka. Huduma kadhaa nilikuwa naziingia kwa kile kitufe cha "ingia kwa akaunti hii", bila nywila yake yenyewe. Akaunti ilipofungwa, milango hiyo nayo ikafungwa. Moja iliniruhusu kuweka anwani nyingine kwa kunitumia ujumbe wa simu. Nyingine zilibaki kimya zikisubiri akaunti mama irudi.

Sisi sita tulianza kukusanya mabaki. Mwenzetu mmoja alikuwa amepakua nakala miezi mitano nyuma alipokuwa anasafiri. Mwingine alikuwa amechapa kurasa za herufi K na M ili azihariri kwa kalamu. Mama mkunga alikuwa na daftari lake, kwani maneno yote aliyaandika kwanza kwa mkono. Tulipiga hesabu tukaona kwamba kama akaunti haitarudi tutapoteza takriban vidahizo 600 na mijadala yote ya pembeni, yale maoni tuliyoandikiana kuhusu kwa nini neno hili na si lile. Mijadala hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko kamusi yenyewe.

Siku ya tisa ilirudi. Barua zilikuwapo, picha zilikuwapo, folda ilikuwapo na maoni yake yote. Ruhusa za wenzangu hazikurudi. Ilinibidi niwaalike upya mmoja mmoja.

Kabla ya kufanya lolote nilipakua kila kitu. Jambo hili majukwaa makubwa hulitoa bure: Google walileta zana yao ya kupakua data mwaka 2011, na tangu kanuni za ulinzi wa data za Umoja wa Ulaya zianze kutumika tarehe 25 Mei 2018, haki ya kuchukua data yako na kuihamishia kwingine imeandikwa kwenye sheria huko. Ila kupakua peke yake hakutoshi. Nilipofungua nakala yangu kwenye kompyuta nyingine niligundua kwamba hati zilikuja bila maoni ya pembeni. Ilibidi nizihamishe kwa namna nyingine ili maoni yaje nazo.

Kuhusu kupima nakala, kuna tukio lililonifundisha kuliko yangu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo nayo kama GitHub huhifadhi kazi za waandishi wa programu, akiwa amechoka usiku, alitaka kufuta kabrasha la data kwenye seva ya akiba. Amri akaitoa kwenye seva kuu. Aliposhtuka na kuisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Ni kuteleza kule kule kwangu: alijua anachofanya, ila hakuwa pale alipodhani yupo. Walipokimbilia nakala zao rudufu wakakuta njia moja baada ya nyingine haikuwa ikifanya kazi, na kilichowaokoa ni nakala ambayo ilikuwa imechukuliwa kwa kusudi jingine saa sita hivi kabla. Waliyaeleza yote hadharani, na nawashukuru kwa hilo. Sasa kila mwezi nafungua nakala zetu kweli kweli, nasoma ukurasa mmoja kutoka katikati.

Folda sasa ina wenyeji wawili, na nakala ya tatu iko kwenye diski ya nje nyumbani kwa mwenzetu. Akaunti kuu naitumia kwenye kivinjari kimoja, ya zamani kwenye kingine, wala hazikutani. Namba za akiba nimezichapa. Ile ya zamani nimeiacha hai, na naingia humo mara kwa mara kwa makusudi, kwa sababu kukaa bure nako ni hatari: Google, kwa mfano, walitangaza Mei 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na wakaanza kufanya hivyo Desemba mwaka huo.

Nilipomsimulia haya rafiki yangu mmoja, hakukubaliana nami kuhusu siku zile 30. Yeye aliwahi kufuatwa na mtu mtandaoni, mtu aliyechimba kila alichowahi kuandika, na alipotaka kufuta akaunti yake aliambiwa asubiri. Kila siku ya kusubiri kwake ilikuwa siku ya hofu. Na ni kweli kwamba kuna majukwaa yaliyoficha mlango wa kutokea kwa makusudi, mpaka Apple ikalazimika kutangaza kwamba kuanzia tarehe 30 Juni 2022 programu yoyote kwenye duka lake inayokuruhusu kufungua akaunti ndani yake lazima ikuruhusu pia kuanzisha kuifuta humo humo. Tulizungumza mpaka usiku. Mwishowe tulikubaliana kwamba mimi na yeye hatukuhitaji vitu vinavyopingana. Yeye alihitaji kutoweka machoni pa watu papo hapo; mimi nilihitaji data isiteketezwe papo hapo. Kuficha leo na kuteketeza baada ya mwezi kunatutosha wote wawili, mradi kuficha kuwe kamili na mwezi usiongezwe kimyakimya.

Jioni ya siku akaunti iliporudi nilimpigia mama mkunga kwanza kabla ya wengine. Nilimtumia mwaliko, akahangaika nao kidogo, kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Nimeingia," akasema. "Ngoja nitazame kama 'kondo' lipo."

Lilikuwapo, na chini yake ule ubishi wetu wa wiki mbili, yeye akitaka "kondo la nyuma" lisimame peke yake, mimi nikipinga. Akanisomea hoja zake zote kwa sauti, kisha akauliza kama sasa niko tayari kukubali.

Nikakubali.