Siku moja na madume wa mbegu: hadubini haikuambii kila kitu

Saa 12 asubuhi nishafika kituoni tunakotengeneza mbegu za kupandishia ng'ombe, Usa River hapa Arusha, baridi ya Meru inakata kweli na madume wa ng'ombe wanaguna mabandani. Naanzia kwa mzee anayewahudumia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, namuuliza nani leo kachangamka nani kaacha majani, maana mbegu inachukua karibu miezi 2 kutengenezwa, kwa hiyo homa ya dume ya mwezi uliopita naweza kuiona leo kwenye kioo cha hadubini.

Saa 1 tunakamua mbegu. Uke bandia wa kukingia mbegu tunaujaza maji ya moto, ndani uwe nyuzi 42 mpaka 45, ukipoa dume anakataa. Tunamwacha apande mara moja mbili bila kumaliza, ndio mbegu zinatoka nyingi.

Saa 1 na nusu maabara. Tone dogo kwenye kioo kilichopashwa joto nyuzi 37, na hapa ndo napapenda kuliko pote, mbegu nzuri zinajigeuza mawimbi mawimbi kama uji unaotokota. Mililita 1 ina mbegu kama bilioni 1 hivi. Tunachanganya na kimiminika chenye kiini cha yai na gliserini, inaingia kwenye friji kupoa taratibu.

Saa 4 wakati zinapoa nakaa na makaratasi ya ukoo, na hili wafugaji wengi hawaambiwi. Dume anaweza kuwa na mbegu safi kabisa kwenye hadubini na bado mimba hazikai. Kule Ujerumani walikuta madume wa ng'ombe aina ya Fleckvieh wenye kasoro kwenye jeni ya TMEM95, mbegu zinaogelea vizuri tu, lakini mimba hazifiki hata 2 kwa kila ng'ombe 100 waliopandishwa. Halafu kuna Pawnee Farm Arlinda Chief, dume wa Holstein, aina ya ng'ombe wa maziwa, wa Marekani aliyezaliwa 1962, mabinti 16,000 na wajukuu wa kike zaidi ya laki 5, akaleta maziwa mengi sana, ila alikuwa amebeba nakala moja ya jeni mbovu ya APAF1. Yeye mzima, watoto wake wazima, lakini dume mbebaji akikutana na jike mbebaji, kiinitete 1 kati ya 4 kinakufa. Haikujulikana mpaka 2011, watafiti walipogundua kwamba hakuna ng'ombe hai hata mmoja mwenye nakala zote mbili mbovu. Mfugaji yeye aliona tu ng'ombe karudia joto, lawama zikaenda kwa ng'ombe au kwa mhimilishaji, yaani anayepandisha kwa mrija, na Friesian wetu wengi wana damu hiyohiyo ya Holstein wa nje.

Saa 8 tunajaza mirija, kila mmoja robo mililita, jina na namba ya dume zimechapwa pembeni, halafu kwenye naitrojeni nyuzi 196 chini ya sifuri. Saa 9 nayeyusha sampuli za juzi, chini ya nusu zikiwa hai naitupa bechi nzima, inauma ila natupa.

Saa 10 napima korodani za madume wachanga kwa tepu, wa miaka 2 tunataka angalau sentimita 34, na ukubwa huo unarithika vizuri. Uwezo wa mabinti kushika mimba ndo mgumu, urithi ni kama asilimia 4 tu, mengine yote ni chakula, joto, magonjwa, uangalizi, kwa hiyo kumjua dume kwa upande huo unahitaji kumbukumbu za mabinti mamia na huku kwetu wanaoandika ni wachache mno, jamani andikeni.

Saa 12 jioni simu, mama mmoja wa Tengeru, mtamba wake anarudia tu. Daktari nimuuze? Nikamwambia mama subiri, ile mirija mitupu unayo? Anayo, kaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga! Akanisomea namba herufi kwa herufi, kisha namba ya baba iliyo kwenye kadi ya mtamba. Ni ileile, yaani binti anapandishwa kwa mbegu za baba yake mzazi na hamna aliyeangalia kadi. Hiyo haitoshi kusema ndo sababu, kwa hiyo kesho anapimwa kizazi kwanza, na joto likija mhimilishaji aje na dume wa ukoo mwingine, namba nishamwandikia kwa meseji.