Siku moja maishani mwangu: kupima mapasa kabla ya Kafue

Saa 11 alfajiri

Baridi ya Agosti inanishika miguu kabla mkono haujafika kwenye swichi, na nikifika, umeme hakuna. Watu wa mbali wanadhani Congo yote ni joto. Waje Lubumbashi miezi hii, mita 1,200 hivi juu ya bahari, waone watu wa mitaa yetu ya Katuba na Kenya wanavyotoka asubuhi na makoti na kofia za sufu.

Nachemsha maji kwa mkaa, najaza termosi, napakia jeep. Ndoo yenye kifuniko, poti ya plastiki ya watoto, vitambaa, blanketi tatu, ndizi, mayai ya kuchemsha, karanga, darubini mbili. Mwisho saa ya mkononi na daftari. Hivyo viwili ndivyo vyombo vyangu vya kazi. Gari ni la kutufikisha tu.

Napeleka familia safari ya kuona wanyama, hasa familia zenye watoto wadogo. Wengi hapa wanataka Zambia, maana mpaka wa Kasumbalesa uko kilomita kama 90 tu. Ila siku hizi sipokei pesa ya safari ndefu kabla ya kukaa na watoto siku moja porini hapa karibu. Naiita siku ya kipimo. Niliianzisha baada ya kupeleka familia moja yenye mtoto wa miaka minne aliyelia siku tatu mfululizo, baba akagombana na mama mbele ya tembo, na siku ya nne tukarudi nyumbani. Kosa lilikuwa langu. Nilipanga safari ya watu wazima, halafu nikaweka mtoto ndani yake kama mzigo.

Saa 12 na nusu

Bel-Air, mtaa wa mjini, kwa familia inayotaka kwenda Kafue, mbuga kubwa ya Zambia. Mama Mapasa, yaani mama wa pacha, yuko mlangoni tayari, amefunga kitenge juu ya koti. Mapasa wana miaka mitatu, Kyungu na Kabange, majina ambayo pacha wa Kiluba hawayakwepi. Yuko pia msichana wa miaka saba, mtoto wa dada yake mama, anayelelewa hapa. Baba Mapasa anatoka mwisho, simu sikioni, na wote wamevaa jezi ya TP Mazembe, ile ya mistari nyeusi na nyeupe. Baba, mama, mapasa, hata mtoto wa dada.

"Tantine, leo njo tutaona simba?" anauliza msichana.

"Leo hapana. Leo miye njo nitabaona banyinyi."

Anacheka. Hajui kwamba nimesema kweli.

Zamani nilikuwa naanzia kwenye bustani ya wanyama ya mjini, kisha porini. Niliacha. Mtoto akishamwona mnyama hatua tano mbele yake nyuma ya wavu, ukimwonyesha swala aliye mita mia mbili kwenye majani anakuambia tu, "Iko mbali." Asubuhi yote inakuwa ya manung'uniko. Sasa naanza na wa mbali.

Saa 2 na nusu asubuhi

Shamba la wanyama tunaloenda ni karibu saa moja kutoka mjini, barabara ya vumbi jekundu. Halina simba wala tembo, na ndiyo sababu nalipenda. Naangalia saa kuanzia tunapopita geti.

Kipimo cha kwanza: mtoto anakaa muda gani ndani ya gari kabla ya kuchoka? Si kulala, si kula. Kukaa na kutazama. Kyungu dakika 35. Kabange 50. Msichana alipita saa moja bila shida. Baba Mapasa dakika 20, halafu akatoa simu. Naye nilimwandika, sikumwambia.

Kwa kawaida mzunguko wa asubuhi katika mbuga kubwa ni saa tatu, nne, wakati mwingine zaidi, kwa sababu wanyama wanatembea kukiwa bado na ubaridi. Mzazi analipa, anataka kumaliza saa zake zote. Mtoto wa dakika 35 hawezi. Hapo ndipo kilio kinapoanza, na mtoto hana kosa lolote.

Pundamilia walikuwa sita, wamesimama upande mmoja kama wanaopigwa picha. Nikawaambia kwamba wa porini kabisa, kwetu Congo, wamebaki Upemba. Msichana akataka kujua mistari ni ya kazi gani. Hilo ni swali ninalolipenda, nikajibu kwa kirefu: watu wa sayansi wamebishana miaka mingi, ila jibu lenye nguvu siku hizi ni nzi. Mwaka 2019, huko Uingereza, watafiti waliwavisha farasi nguo zenye mistari ya pundamilia, na nzi wanaouma wakawa wanakuja karibu halafu wanashindwa kutua vizuri kwenye ile mistari. Kichwani, ambako hakukufunikwa, walitua kama kawaida.

"Nzi inachanganyikiwa," akasema msichana.

"Inachanganyikiwa."

Akanyamaza muda mrefu. Ningejua anafikiria nini ningenyamaza mapema zaidi.

Saa 4

Tunashuka mahali palipo wazi, na kipimo cha pili kinaanza. Ni mchezo, unaitwa mti. Nikisema "mti!" kila mtu anasimama alipo, mikono chini, kimya, hadi nitakaposema "ndege". Unaonekana mchezo wa kitoto, na ndivyo ulivyo, lakini kambi nyingi za Kafue hazina uzio. Usiku kiboko anatoka mtoni kula majani katikati ya vibanda. Mchana tembo anaweza kupita karibu na meza mnapokula. Mtu anayekimbia ndiye anayefuatwa, na mtoto wa miaka mitatu akishtuka, miguu yake inakimbia bila kumwomba ruhusa.

"Mti!"

Kabange akasimama kama nguzo ya umeme. Kyungu akakimbilia kwa mama yake. Tukarudia. Akakimbia tena, sasa anacheka. Mara ya saba akasimama, lakini kwa sababu alikuwa ameona kitu chini, si kwa sababu yangu. Niliandika: *Kyungu, bado. Wafanye nyumbani kila siku, hata sebuleni, hata mezani.*

Baba Mapasa akauliza kama haitoshi kumshika mkono. Inatosha, Baba, hadi siku mkono wako utakapokuwa na simu. Hili nilimwambia.

Saa 5

Kitu alichokiona Kyungu kilikuwa mchwa, na mchwa wakatupeleka kwenye kichuguu.

Wageni wanaokuja Katanga wanapiga picha za mashimo ya shaba na kupita vichuguu bila kuviangalia. Hiki kilikuwa mara mbili ya urefu wa jeep, miti imeota juu yake, kama kilima kidogo ambacho mtu alikimwaga katikati ya miombo. Kwanza nilizunguka na fimbo, naangalia mashimo, maana nyoka naye anapenda nyumba isiyolipiwa kodi. Halafu nikawaruhusu watoto kuketi chini yake.

Nikawaambia waweke viganja kwenye udongo. Upande wa jua ulishapata joto, upande wa kivuli bado baridi. Nikawaonyesha mahali wafyatua matofali walipokata, maana udongo wa kichuguu ni mzuri kwa tofali. Nusu ya nyumba za pembeni mwa mji wetu zimetoka humu. Nikawaambia kwamba wataalamu walipima umri wa vichuguu vya namna hii karibu na Lubumbashi, na kimoja kikaonekana kina zaidi ya miaka 2,000.

"Ni muzee kuliko koko?" akauliza msichana. Koko kwetu ni babu au bibi.

"Kuliko koko wa koko wa koko."

"Kuliko Yesu?"

Mama Mapasa akaguna. Nikasema kile walichokipima, huenda.

Kabange akabandika sikio kwenye udongo na kusema anawasikia. Sikumkatalia. Mapasa wote wawili walikaa pale dakika 55, na Kyungu, yule wa dakika 35, ndiye tuliyembeba kwa nguvu kumrudisha kwenye gari. Katika daftari nilipiga mstari mara mbili chini ya hiyo namba, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mpango wote. Watoto hawa wanachoka na kiti. Pori halijawachosha.

Saa 7 mchana

Bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Mapasa wakalala kwenye blanketi chini ya mti saa moja na nusu, mama naye akalala. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba mpango wowote wa safari usio na hiyo saa moja na nusu ndani yake nirudishieni, nauandika upya.

Saa 9

Njiani Kyungu alitapika. Ndoo ilikuwa mahali pake. Tulifungua madirisha, vumbi likaingia, tukafunga.

Saa 10 na nusu jioni

Sasa kazi yenyewe, mezani kwao, na chai. Mpango waliokuja nao ulikuwa siku tano, kambi tatu tofauti, na gari mara mbili kwa siku. Kafue ina kilomita za mraba kama 22,400. Mtu akiitazama kwenye ramani anataka kuimaliza. Nikakata. Kambi moja, usiku wote mahali pamoja, chumba cha familia ambamo watoto wanalala na wazazi. Asubuhi gari dakika 90 tu, na kituo katikati. Jioni mzazi mmoja anatoka na msichana, mwingine anabaki na mapasa kuchimba udongo. Matembezi ya miguu na askari wa wanyama wayasahau, kambi nyingi hazikubali aliye chini ya miaka 12. Na safari yenyewe ya kwenda, siku mbili. Tunalala njiani, Ndola au Lusaka. Hakuna kupanda gari alfajiri Lubumbashi na kusema tutalala Kafue leo.

"Na gorille?" akauliza Baba Mapasa. "Tungepitia Uganda mwaka ujao."

"Watoto lazima wafike miaka 15."

Akahesabu kwa vidole, akaacha.

Makaratasi ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya Kabange ipo, ya Kyungu haionekani. Mama anaapa walichomwa siku moja. Mpakani hawaangalii kiapo. Nimewapa kesho na keshokutwa kuitafuta kwenye kituo walikochanjia, na isipopatikana wamuulize daktari palepale la kufanya. Zimebaki siku 14, na chanjo mpya inahesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Hesabu inaenea, lakini haina nafasi ya uvivu.

Halafu mtoto wa dada. Ni mtoto wao moyoni, analala chumba kimoja na mapasa, lakini mpakani si mtoto wao. Anahitaji barua ya ruhusa kutoka kwa wazazi wake, imetiwa muhuri, na cheti chake cha kuzaliwa. Mama Mapasa alikasirika kidogo. "Miye njo nimemulea huyu!" Najua, mama. Nimeona familia nzima ikirudishwa Kasumbalesa kwa sababu ya mpwa mmoja, na aliyelia zaidi alikuwa huyo mpwa, akidhani ameharibia wote. Mama akachukua simu, akampigia dada yake mbele yangu.

Dawa ya malaria waulize daktari, maana kipimo cha mtoto kinafuata kilo zake, si miaka yake. Nikasema hilo nimesimama tayari kuondoka, pamoja na la mwisho: nguo. Kafue kuna mbung'o, wale nzi wa malale. Wanapenda bluu na nyeusi kiasi kwamba mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na wakiuma inachoma kama sindano, hata juu ya shati. Kwa hiyo kaki, kijivu, rangi ya majani makavu.

Saa 2 usiku

Nyumbani. Umeme umerudi. Naosha ndoo, napanga daftari, nakula kilichobaki.

Saa 3 na dakika 40

Simu. Baba Mapasa, sauti ya chini, ya mtu anayetaka kujadiliana.

"Mama, ile jambo ya nguo nyeusi. Ata jezi ya Mazembe?"

"Ata ya Mazembe, Baba."

Kimya. Nasikia televisheni nyuma yake. Halafu sauti ndogo, karibu na simu, sauti ambayo ilipaswa kuwa imelala tangu saa mbili:

"Papa, mwambie jezi yetu iko na mistari. Njo nzi itachanganyikiwa."

Baba Mapasa hakusema kitu. Alikuwa ananisubiri mimi. Na mimi nilikuwa nimesimama jikoni na ndoo mkononi, nikitafuta jibu.