Hajapona, siyo hakupona

Wiki ya tatu tangu nianze dawa mama alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, nikapokea na sauti ya usingizi nikasema haloo, kimya. Haloo mama? Kimya tena, alafu nikasikia mtu anavuta pumzi kama ametoka chini ya maji na ndo akauliza, "Ni wewe?" Nikamwambia ni mimi mama, nani tena. Akaanza kulia, na nyuma yake namsikia shangazi anauliza nani kapokea, nani kapokea.

Kumbe usiku binamu yangu alikua ameandika kwenye grupu la familia. Huyu dogo alipelekwa ng'ambo akiwa na miaka miwili, Kiswahili anajifunza ukubwani na anajifunza kwa bidii kweli, mi ndo mwalimu wake asiye na mshahara kwahiyo tunaongea karibu kila siku. Meseji yake ilikua fupi: "Habari za kaka. Hakupona. Nina huzuni sana." Basi. Shangazi ndo huwa anaamka wa kwanza, akaisoma, akaamsha nyumba nzima.

Ukimuuliza dogo alitaka kusema nini, alitaka kusema bado naumwa. Alichukua kitenzi akakikanusha kama kitabu kinavomfundisha, alipona, hakupona, sarufi safi kabisa hakuna mwalimu wa kumkata maksi. Ila mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili akisikia "alilazwa wiki mbili, hakupona" hasubiri sentensi ya pili, anauliza mazishi ni lini.

Siku ile tulicheka sana baadae (mama hakucheka, mama mpaka leo hajacheka) lakini ilibidi nimuelezee dogo, na katika kumuelezea ndo mi mwenyewe nikaanza kukiangalia hiki kitenzi ambacho nimekitumia maisha yangu yote bila kukiangalia. Nikamwambia ulitakiwa kuandika hajapona. Akaniuliza tofauti ni nini, si zote zinasema mtu hayuko sawa? Nikakaa kidogo. Nikamwambia hivi, hako ka -ja- kanamaanisha mlango uko wazi, jambo halijatokea ila tunalingojea, mtu yupo, anakunywa dawa, mtu mwingine kakaa pembeni ya kitanda. Hakupona ni mlango umefungwa na watu washatoka nje. Herufi mbili tu na katikati yake kuna kaburi. Akaniambia hiyo ni lugha ya hatari. Sikua na la kumjibu.

Tangu siku hiyo nikawa kama nimerogwa, kila mtu akilitamka nalisikia.

Naumwa nini, nimesahau kusema. Kifua kikuu. Sikupenda kuandika mapema kwa sababu watu wakisikia TB wanasogeza kiti, na nawaelewa, ila wiki mbili hivi za mwanzo za dawa sahihi kwa kawaida zinatosha mtu kuacha kuambukiza wenzake. Tatizo siyo hizo wiki mbili, tatizo ni miezi sita. Miezi miwili ya kwanza unameza dawa nne zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja, alafu miezi minne inabaki na mbili. Asubuhi ya kwanza nilienda chooni nikatoa mkojo wa rangi ya chungwa nikajua nimekufa, kumbe ni rifampisini, moja ya zile dawa nne, inapaka rangi mkojo, jasho, mpaka machozi. Nesi alikua ameniambia lakini nani anasikiliza siku ya kwanza.

Sasa ugumu ulikuja kwenye ile wiki ya nne, ya tano. Kikohozi kilikata, jasho la usiku likakata, nikaanza kula kama mtu aliyeachiwa kutoka jela, mashavu yakarudi. Na kila anayeniona, "Aaa, umeshapona!" Nikaanza kuamini. Siku moja nikamwambia nesi kwa kujiamini kabisa, nesi mi nimepona, hivi vidonge vinanichosha tumbo. Hakupandisha sauti. Alisema, "Umepata nafuu. Kupona hujapona," akaendelea kuandika. Na ndo ukweli wenyewe, wale wadudu waliobaki ni wale wavivu, wanaogawanyika polepole, dawa inawapata mmoja mmoja, ukiacha katikati wanaamka na safari hii wanaweza kuwa washazoea dawa.

Nafuu si kupona. Najua kila mtu anajua lakini mi nilikua silijui mwilini. Nafuu ndo hii hii ya bei nafuu, na nikiwaza naona inafaa, ugonjwa umepunguza bei tu, bado unakudai. Kuna ahueni pia, na majirani zetu Wakenya wanasema afueni, alafu kuna watu wazima wa pwani wanasema ashekali, mgonjwa ashekali leo, neno tamu ila vijana wameliachia. Na kuna hajambo, "mgonjwa leo hajambo kidogo", ambayo mi naipenda kuliko zote kwa sababu hajambo maana yake hana jambo, sasa hana jambo kidogo ni kitu gani, ana kajambo? Ukihesabu utaona maneno yote haya yako njiani. Kiswahili kina utajiri wote huu wa kuelezea mtu aliyeko katikati, ila pona yenyewe imekaa mwisho wa barabara inasubiri ufike.

Ndo maana swali la "umepona?" linachosha. Hawaulizi unaendeleaje, ambalo lina jibu, naendelea vizuri, naendelea hivo hivo. Wanauliza umepona, na hapo jibu ni ndio au bado, hakuna tatu. Nilijaribu kujibu "ninapona". Jaribu na wewe uone watu watakavokuangalia. Sarufi inaruhusu lakini kwenye masikio yetu inasikika kama mazoea, kama vile "mi kila nikiugua napona", au kwenye simu mbovu mtu anasikia naona, unaona nini? Ukitaka kusema uko kwenye hiyo kazi inabidi uongeze neno, naendelea kupona. Kitenzi peke yake hakitaki kunyooshwa. Kupona ni kama kufika, unaweza kukaribia mwezi mzima ila kufika ni dakika moja.

Kazini waliniletea kadi imeandikwa Pona Haraka kwa herufi kubwa za dhahabu. Nashukuru, sana tu, wamechangia na nauli ya kliniki. Lakini ile kadi nilikua nikiiangalia naona kama nimechelewesha ripoti. Pona! Haraka! Haya bosi nipe mpaka Ijumaa. Wazee wetu hawakuamrisha hivo, wao walisema ugua pole. Nimeliwaza hili usiku mwingi maana vidonge vilikua vinaninyima usingizi mwanzoni. Ugua pole ni amri ya kuugua, ukiitazama. Haikwambii upone, inajua kupona hakuko mikononi mwako, inakuomba tu ulichonacho ukifanye taratibu. Wanaotaka kutumia pona kwa heshima wanasema upone haraka, hapo imekua dua, inavumilika.

Alafu -ki-. Hii ilinipata kwa mama. Alisema, "Ukipona tutaenda kumsalimia bibi yako." Mi nikajibu sawa mama, nikakata simu, nikabaki nimeishika. Ukipona. Ni iwapo, au ni wakati? Kiswahili hapo kinakuficha, neno ni hilo hilo moja, ukija ni ikitokea umekuja na pia ni wakati utakapokuja. Angetaka kuwa na uhakika angesema utakapopona. Hakusema. Mama zetu hawasemi utakapopona, nadhani wanaogopa kumuwekea Mungu tarehe. Niliwahi kumuuliza akasema wewe dawa zinakuchanganya, lala.

Upande mwingine wa hiki kitenzi ni wa mtaani na ndo unaoniburudisha. Amepona ajali, hata mchubuko hana. Ameponea chupuchupu. Bosi kapita hajakuona unacheza gemu, leo umepona. Unamuona rafiki yako anampenda mtu ambaye kila mtu anajua ni balaa, mnamwambia hapo huponi. Yaani pona ya ugonjwa na pona ya kukoswakoswa ni moja, na siyo kwetu tu, jamaa yangu Mganda ananiambia okuwona kwao nayo inafanya kazi hizo hizo mbili, kutoka kwenye ugonjwa na kunusurika. Kwahiyo nikisema nimepona TB naomba isikike kama mtu aliyerukia pembeni gari ikapita, maana ndo ilivokua. Hata kuponyoka iko humo humo, samaki kaponyoka mkononi. Mi ndo samaki.

Kuna ubishi mmoja sijaumaliza. Nani anapona, mtu au ugonjwa? Mwalimu wangu wa darasa la sita angesema mtu ndiye anayepona, ugonjwa unakwisha. Ila nesi kila siku anasema TB inapona, kwenye mabango wanaandika inapona, na watu wakiongelea ugonjwa mbaya wanasema ule hauponi. Zamani ningesahihisha. Sasa hivi naona wana haki, kidonda kimepona, mguu umepona, mbona hatulalamiki, na ule ugonjwa ulikua sehemu yangu kama mguu. Mwalimu anisamehe.

Na pona msiichanganye na poa, ingawa zinakaa nyumba za jirani. Homa inapoa, maumivu yanapoa, hasira zinapoa, chai pia. Kuna methali inasema mwenye kovu usidhani kapoa, na nikijiangalia kwenye kioo naelewa kwanini waliotunga walisema kapoa hawakusema kapona. Kovu limefunga, mtu amepona, ndani bado kuna moto. Picha yangu ya kifua ina kovu juu upande wa kulia, dokta alinionesha kwa kalamu, kawingu kadogo keupe, akasema hili utabaki nalo na halina shida. Sawa halina shida. Lakini mpaka leo nikikohoa mara moja kwa sababu ya vumbi roho inanitoka.

Katika hiyo hiyo miezi ya kukosa usingizi nilimkumbuka mshairi Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate, tulimsoma shule kwa sababu ya mtihani na nikamsahau siku ya mtihani. Utendi wake wa 1858 ameutunga kumuachia binti yake wasia, na karibu kabisa na mwanzo anasema maradhi yamemshika hata mwaka umetimia. Shuleni tulifundishwa ni mafunzo ya ndoa na adabu. Hakuna aliyetusimamisha pale kwenye ubeti wa pili kutuambia angalieni, huyu mwanamke anaitwa Kupona na ameandika haya kitandani hajapona. Alifariki mwaka 1860 hivi. Kwahiyo hata kwake ni kile kitenzi kibaya cha dogo, ila mimi siwezi kukiandika hapa, kwa mtu mwenye jina lile inakua kama utani mbaya.

Basi nikamaliza. Kidonge cha mwisho nilikimeza Jumapili na maji mengi nikapiga picha karatasi tupu ya vidonge. Jumatatu nikaenda kliniki kifua mbele, nesi akafungua daftari akaandika, nikachungulia: amemaliza matibabu. Nikamwambia nesi si uandike amepona. Akaniambia hayo ni matokeo mawili tofauti. Mtu anaandikwa amepona pale makohozi yake yaliyokua na vimelea mwanzoni yanapopimwa mwishoni yakakutwa safi, na yangu ya mwezi wa tano yalikua safi lakini ile sampuli ya mwisho ilipotea njiani kwenda maabara, haijulikani iko wapi. Bila majibu, mtu amemaliza dawa tu. Ukweli wa mwili ni mmoja lakini daftari halisemi lisichokiona.

Ningeweza kuondoka. Watu wengi wangeondoka na wasingekosea, nesi mwenyewe alisema usijali. Lakini baada ya miezi sita ya kujibu bado, bado, bado, nilikua nalitaka neno langu. Nikachukua kikopo, nikatoka nje mbali na watu, nikakohoa mpaka mbavu zikauma kwa sababu kifua kikishakauka kutoa makohozi ni kazi, nikapata kidogo, nikarudisha.

Siku tano baadae meseji ikaja. Hakuna vimelea vilivyoonekana. Nilimpigia mama kabla ya mtu yeyote, akasema kwa hiyo? Nikamwambia kwa hiyo mama nimepona. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema subiri nimuite shangazi yako, rudia tena.

Jioni dogo akanitafuta, kashapata habari, anataka kuandika kwenye grupu ila safari hii kajifunza, anaomba ruhusa kwanza. Akaniuliza, "Kaka, niandike amepona au alipona?"

Nikamwambia andika amepona. Alipona utaniandikia nikishazeeka.